Kampuni moja, shuhuda mbili: nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mtengeneza programu, nipo Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nimepata ofa kwenye kampuni ya programu yenye wafanyakazi kama mia moja. Nimewauliza watu wawili waliowahi kufanya kazi pale. Mmoja anasema hajapata kuona ofisi nzuri kama ile. Mwingine ananiambia nikimbie: alikuwa akiamshwa kwa simu saa nane usiku, na asubuhi anafokewa mbele ya wenzake. Wote nawafahamu, si waongo. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Waamini wote wawili, kisha rudi ukawaulize walikuwa timu gani, chini ya meneja gani, na mwaka gani.

Katika kazi yangu ya rasilimali watu naliona jambo hili kila mara. Mtu haajiriwi na jengo wala nembo. Anayekupangia kazi, anayekuidhinishia likizo na anayeandika tathmini yako ni mtu mmoja, na mtu huyo hubadilika ukivuka korido. Gallup, shirika la utafiti la Marekani, lilitoa ripoti kuhusu mameneja mwaka 2015 na kusema angalau asilimia 70 ya tofauti ya ari ya kazi kati ya timu na timu inatokana na meneja.

Lakini usimtwishe meneja kila kitu, maana wakati mwingine mfumo wenyewe ndio unaowagawa watu. Chukua Microsoft. Kwa miaka mingi, hadi walipouacha utaratibu huo Novemba 2013, mameneja wake walitakiwa kugawa alama za utendaji kwa mafungu: wachache juu, wengi katikati, wachache chini. Sasa fikiria wahandisi wawili wenye uwezo sawa. Wa kwanza yuko na wenzake wa kawaida, kwa hiyo anang'ara, anapata bonasi na anaisifu kampuni. Wa pili amewekwa kati ya mabingwa watupu, na kwa kuwa lazima mtu awe chini, anaangukia yeye. Msimbo wake, yaani programu anayoandika, hauna kasoro, ila karatasi inasema ameshindwa. Utaratibu wa namna hiyo huwafanya watu hodari wakwepe kukaa timu moja na hodari wenzao, na wengine wafiche wanachojua. Ukiwahoji wahandisi hao wawili, utadhani wanazungumzia kampuni mbili tofauti. Kwa hiyo uliza alama zinagawiwaje mahali unapokwenda. Swali hilo lina uzito kuliko mambo ya chai ya bure na meza ya pool.

Halafu kuna aina ya kazi yenyewe. Nadhani rafiki yako wa pili alikuwa upande wa seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, au malipo ya simu. Malipo yakigoma usiku, wateja hawasubiri kuche, ni lazima mtu aamke. Anayetengeneza kurasa za ripoti hulala hadi asubuhi, na wala hajui kwamba mwenzake hakulala. Kupigiwa simu usiku ni sehemu ya kazi hiyo, mradi kuna zamu inayozunguka, malipo, na ruhusa ya kuchelewa kesho yake. Kufokewa hadharani si sehemu ya kazi yoyote, na hapo simtetei mtu.

Hata tukio moja huwagawa watu. Aprili 2021, wakuu wa Basecamp, kampuni ndogo ya programu ya Marekani, walitangaza kwamba mijadala ya siasa na jamii haitaruhusiwa tena kwenye mifumo ya ofisi. Ndani ya siku chache takriban theluthi ya wafanyakazi walitangaza kuondoka, wengine wakabaki na kazi zao. Tangazo lilikuwa lile lile kwa wote.

Kwenye usaili usiulize "utamaduni wenu ukoje?" Utajibiwa kwamba "sisi ni familia", na hutakuwa umejua lolote. Uliza hivi: "Mara ya mwisho mfumo ulipolala usiku, nani alipigiwa simu, kesho yake aliingia saa ngapi, na kikao cha kuchambua tatizo kilikwendaje?" Sikiliza kwa makini wanaanza na nini. Wakianza na hatua iliyokosekana, kwamba hakukuwa na jaribio au tahadhari ilichelewa, hiyo ni dalili njema. Wakianza na nani aliharibu, rafiki yako wa pili amekwambia kweli, na tabia hiyo bado ipo.

Usome mkataba pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Ukipewa cheo cha meneja, vifungu hivyo vya saa huenda visikuhusu, kwa hiyo usifurahie cheo kabla ya kuuliza. Kumbuka vilevile kwamba chini ya miezi sita kazini hulindwi na vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali.

Sasa hivi waandikie uombe nusu saa na kiongozi wa timu utakayoingia, si na afisa ajira. Wakikataa, omba mara ya pili. Wakikataa tena, mimi kwa nafasi yako nisingeiacha kazi niliyo nayo.