Mkonga wa 1HZ kwa vipuri vya skrepa: ulichouliza, na kilichonipata

Mkuu, umesema pikapu yako ni Land Cruiser HZJ79, mkonga mpya (lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, usawa wa paa) bei imekushinda, na unataka kujua kama unaweza kuunga wako kwa vifaa vya skrepa, na kama gari litaongezeka nguvu. Mimi nina Land Cruiser hadtopu yenye injini hiyohiyo ya dizeli ya 1HZ. Inabeba wageni na mizigo kati ya Mto wa Mbu na Ngare Sero, huku kaskazini mwa Tanzania, njia ya vumbi na makorongo. Mkonga wake nimeutengeneza mara mbili. Wa kwanza uliniharibia injini, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

La nguvu tulimalize hapa: hazitaongezeka. Utapata hewa safi zaidi na, pengine, ya baridi zaidi. Nasema pengine kwa sababu gari likitoka kiwandani huvuta hewa ya ndani ya madigadi, ambayo si mbaya. Ila magari mengi yamepita kwa mafundi waliokata lile bomba, yakabaki yanavuta joto la chini ya boneti. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, na pampu ya dizeli ya 1HZ ni ya kimakanika, haijui kwamba hewa imepungua. Inamwaga dizeli ileile na wewe unaona moshi mweusi. Kama lako liko hivyo, mkonga utalirudishia nguvu yake ya zamani tu.

Kabla hujaenda skrepa, piga hesabu ya pumzi. 1HZ ni lita 4.2, na kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Gawa kwa mbili, zidisha kwa mizunguko 3,800 kwa dakika, unapata karibu lita 8,000. Silinda hazijai kabisa, basi chukua lita 7,000 za hewa kila dakika. Katika bomba la inchi 3 hewa hiyo inakimbia kama kilomita 90 kwa saa. Ukiipitisha kwenye inchi 2.5 inavuka 130, na upinzani unakuwa mara mbili na ushei. Inchi 3 ndiyo iwe kipimo chako cha chini, tena kipimo cha ndani, kila mahali, hata kwenye kona.

Hesabu hii sikuipiga mara ya kwanza. Niliona kile kiuyoga cha kuchuja vumbi cha trekta la Massey Ferguson 135, kile kinachozungusha hewa mpaka vumbi likarushwa pembeni, nikakipenda. Kilikuwa kizima, hata bakuli lake halina ufa. Mjini gari lilikwenda vizuri. Siku nimepakia, napanda ukuta wa bonde kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia, likaanza kutoa moshi kama tanuri la matofali, gia ya pili, mshale wa joto unapanda. Nikasimama pale juu watu wanapotazamia Ziwa Manyara, nikalegeza klipu moja, nikakitoa kiuyoga. Gari likapanda kama kawaida yake. Injini ya trekta lile ni lita 2.5, na hata ikizunguka mara 2,250 kwa dakika haivuti lita 3,000. Nilikuwa nainyonga yangu kwa zaidi ya nusu ya pumzi yake.

Nikakimbilia upande wa pili, nikafunga uyoga wa semi. Huo ulikuwa mpana mno. Hewa inapita polepole, haizunguki kwa nguvu, vumbi haliruki, linaingia lote kwenye filta. Niliotulia nao ni wa lori la Isuzu lenye injini ya 6BD1, lita 5.8, isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa), kama yetu. Ukipiga hesabu ileile kwa mizunguko 2,800, pumzi yake inalingana na yetu. Ukiwa kwenye skrepa za Unga Limited, Arusha, au Gerezani, Dar es Salaam, usiulize uyoga mzuri. Uliza umetoka kwenye injini gani.

Bomba la kusimama nimetumia la ekzosi la inchi 3, kona zake zimekunjwa kwa mashine, hazikubonyea. Bomba la plastiki la maji liache: jua linalikausha mpaka linakuwa kama kigae, na likikaribia nyuzi 80 linalainika. Bomba la ekzosi lazima lisafishwe kutu ya ndani kwa brashi ya waya, lioshwe, likauke. Kona za mpira chukua za lori, zenye waya ndani, zisinyonywe zikabonyea. Ukiushika mpira, ukunje kuelekea jua na utazame sehemu ya nje ya mkunjo. Nyufa ndogo kama mistari ya kiganja zikionekana, urudishe, hata akikupa bure.

Sasa nikwambie lililoniumiza. Nilipofunga ule mkonga wa kwanza, mpira wa kutoka kwenye kisanduku cha filta kwenda kwenye injini ulikuwa umepasuka. Nikaweka kona ya plastiki, nikaiunga kwa vipande vya tyubu ya lori, nikakaza kwa klipu. Ilionekana imara. Baada ya miezi kadhaa ya joto ile plastiki ikawa na umbo la yai, klipu haishiki tena pande zote, na mimi niko juu naangalia mkonga unavyopendeza. Oili ikaanza kupungua. Kwanza lita moja kwa safari nzima, halafu lita moja kila kilomita 500. Nilipofungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma, ulitoka moshi kwa mapigo, kama birika lililochemka. Nikafungua kona ile, nikapitisha kidole ndani. Kilitoka kimepakwa tope jembamba la kahawia, vumbi la Engaruka limechanganyika na mvuke wa oili. Nikalisugua kati ya vidole viwili, likawa linakwaruza kama msasa. Hilo ndilo lililokuwa linapita kwenye ringi za pistoni kila siku. Injini ikashushwa, silinda zote sita zimelika.

Tangu siku hiyo vya skrepa vinakaa kabla ya filta. Kutoka kwenye filta kwenda kwenye injini naweka mpira mpya wa gari lenyewe na klipu mpya, hata kama itabidi nisubiri mshahara wa mwezi mwingine. Tundu kabla ya filta litachafua filta mapema. Tundu baada ya filta, hata la upana wa njiti ya kiberiti, linaua injini na huwezi kulisikia.

Kuna njia rahisi ya kujua. Paka grisi nyembamba sana ndani ya mdomo wa bomba karibu na injini, tembea kilomita 200 za vumbi, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikikwaruza, kuna mahali panavuja. Na filta yenyewe usiigonge kwenye tairi. Ipulize kwa upepo usiozidi bar 2, kutoka ndani kwenda nje.

Kwa kuvuka maji masharti ni makali zaidi, maana hapo hata tundu la kabla ya filta ni hatari. Ukishafunga kila kitu, washa injini, funika mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao chenye mpira. Usitumie kiganja. Injini inatakiwa ikose pumzi na kuzimika ndani ya sekunde chache. Isipozimika, izime, ziba mdomo, pulizia upepo mdogo wa pampu ndani na upake maji ya sabuni kwenye maungio; povu litakuonyesha. Angalia pia tundu au kimpira cha chini ya kisanduku cha filta, kile cha kutolea maji na vumbi. Watu wanaweka mkonga mrefu hadi juu ya paa halafu maji yanaingilia hapo chini.

Kutoboa madigadi usikuogope, ila chora kwanza kwenye karatasi ngumu, ibandike, fungua na funga boneti uone kama kuna kinachogusa. Ukishatoboa, paka kingo rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Na likikuzimikia korongoni ndani ya maji, tafadhali usipige starti. 1HZ inabana hewa zaidi ya mara 22, kwa hiyo pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya kama mililita 32 tu, vijiko viwili vya chakula. Maji hayabaniki. Yakizidi hapo, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Nilimkuta jamaa karibu na Selela amepiga starti mara tatu, ya nne ikalia kama nyundo. Livute gari nje, toa hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zote sita, kagua kisanduku cha filta na ukaushe mpira, ndipo uzungushe injini. Maji yataruka kupitia matundu ya plagi, simama mbali nayo. Kagua na oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, imwage yote kabla hujawasha.