Binti wa miaka 9 kwenye softiboli: ligi ya mtaa au timu ya kusafiri?

Mama mwenzangu, umesema kocha wa timu ya kusafiri (ile inayochagua wachezaji na kwenda mashindano ya miji mingine) amemwona binti yako wa miaka 9 kwenye softiboli, huu mchezo wa gongo unaofanana na besiboli, anataka ada ya dola 1,800, na amekuambia mkichelewa mwaka huu nafasi ya chuo mtaisikia kwa wenzenu. Mimi nina mabinti wawili wanaocheza hapa Texas na tumepita njia zote mbili. Ushauri wangu: mwacheni ligi ya mtaa mwaka mmoja zaidi, na sehemu ndogo ya hizo pesa mlipieni mwalimu wa pembeni.

Hilo la chuo tulimalize kwanza, kwa sababu ndilo linalotutia hofu sisi tuliohamia huku watu wazima na hatuna shangazi wala kaka aliyewahi kuucheza mchezo huu. NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, hawaruhusu kocha wa softiboli wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya vyuo, kuzungumza na mtoto wala mzazi kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba, mtoto akiwa darasa la 11. Kanuni hiyo ipo tangu 2018. Binti yako bado yuko shule ya msingi! Ni kweli makocha wa vyuo huwatafuta wachezaji kwenye mashindano ya timu za kusafiri na si kwenye ligi za mtaa, lakini huko ni kwenye miaka 14, 15, 16. Na hata huko, kwa miaka mingi hadi 2025, timu nzima ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili kamili 12 tu wa kugawana, kwa hiyo wasichana wengi walipata sehemu ya karo na wazazi wakajazia. Anayemuuzia chuo mzazi wa mtoto wa miaka 9 anauza hofu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni muda wa kucheza. Katika ligi zinazofuata kanuni za Little League, shirika la ligi za watoto, kila mtoto aliyefika lazima alinde uwanjani mpaka wapinzani sita watolewe, na apate zamu ya kupiga. Timu ya kusafiri haibanwi hivyo. Jumamosi kwenye mechi za makundi kocha anaweza kuwazungusha wote, lakini Jumapili ikifika mtoano wanaingia wale tisa anaowaamini. Binti yangu mdogo aliingia timu ya namna hiyo akiwa na miaka 10, wa mwisho kwenye orodha ya watoto kumi na nne. Tulilala hotelini, tukaamka gizani, tukasimama kwenye joto la Julai, naye akaangalia wenzake wakicheza. Hakuna aliyemtukana wala kumwonea. Timu ilikuwa kubwa mno. Msimu uliofuata alirudi ligi ya mtaa, wakakosa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji, wakampa mpira. Kwa umri ule ligi nyingi humwingiza kocha arushe pale mtoto anayerusha anapotupa mipira minne nje ya shabaha, kwa hiyo alikosea apendavyo bila timu nzima kuzama. Mrushaji alizaliwa pale, kwenye uwanja wa kata yetu, mbele ya wazazi wenye viti vya kukunja.

Lakini sitaki kuipamba ligi ya mtaa kupita kiasi. Dada yake mkubwa alifika mahali akarusha mpira kwenda besi ya kwanza na mwenzake wa kuudaka akakwepa kwa woga, wiki baada ya wiki, mpaka akaanza kurusha polepole makusudi asimuumize mtu. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia. Mtoto anapopunguza uwezo wake ili mchezo uende, na mwenyewe anaomba kuhama, mpeleke. Sisi tulimhamisha akiwa 12 na sijutii hata senti.

Kuna sababu nyingine ya kungoja. Akitoka kundi la U10 (miaka 10 kushuka chini) kwenda U12 (miaka 12 kushuka chini), mzunguko wa mpira unaongezeka kutoka inchi 11 hadi 12, na mrushaji anasogezwa nyuma kutoka futi 35 hadi 40. Nyota wengi wa miaka 9 huanza upya hapo, na wale mliodhani wako nyuma huwapita.

Na mwili pia. Utaambiwa kurusha kwa mkono wa chini, kama wanavyorusha warushaji wa softiboli, hakuumizi bega, si kweli. Madaktari wa watoto wa Marekani (AAP) wanashauri mtoto apumzike mchezo wake angalau miezi mitatu kwa mwaka, hata kwa vipande vya mwezi mmoja mmoja. Muulize huyo kocha miezi hiyo iko wapi kwenye ratiba yake.

Ada nayo ni mwanzo tu. Mashindano mengine yanawalazimisha mlale hoteli walizochagua waandaaji, mzazi analipa kiingilio getini, na gongo zuri la kupigia mpira linapita dola 300. Kwa sisi wa zamu za wikendi kuna shida kubwa zaidi: Jumapili hujui utamaliza saa ngapi, kwa sababu timu ikishinda inabaki. Kanisa, zamu ya jioni, mtoto mwingine nyumbani, vyote vinasubiri matokeo.

Kama bado mnaitamani, nendeni mkaitazame timu hiyo Jumapili, si Jumamosi, mkaangalie nani yuko benchi na kocha anawasemesha vipi. Muulizeni ana watoto wangapi. Wakizidi kumi na wawili, fikirini mara mbili. Pia ligi yenu huenda ina timu ya nyota ya kiangazi baada ya msimu, ambayo inawaonjesha mashindano bila kuwafunga mwaka mzima.

Hukusema binti anacheza nafasi gani. Kama anarusha au anadaka nyuma ya mpigaji, niambie, kwa sababu hapo mwalimu wa pembeni ni wa lazima na nitakueleza tulivyompata wetu.