Kubadilisha diski ya PS4: kazi kubwa iko kabla hujashika bisibisi

Kama PS4 yako siku hizi inaganda ganda kwenye menyu, apdeti ya gemu ikimaliza kushuka inaanza kukopi mpaka unaenda kuoga unarudi bado iko palepale, au umeme ukikatika kidogo tu ikiwaka inaanza kukagua diski kwa muda mrefu, basi usikimbilie kuiuza bei ya hasara, mara nyingi mashine yenyewe ni nzima, kilichochoka ni diski. PS4 zilianza kutoka Novemba 2013 na ndani waliweka diski ya kawaida kabisa ya laptop, inchi 2.5, ya kuzunguka 5400 kwa dakika, nyingi za 500GB, sasa fikiria kitu kinachozunguka miaka yote hiyo, kimesafiri kama mtumba kutoka Ulaya au Dubai, kimepita mikono sijui mingapi mpaka kimefika sebuleni kwako.

Habari njema ni kwamba Sony wenyewe waliiacha hiyo sehemu wazi, huhitaji kufungua mashine yote wala kugusa feni, ni kifuniko kimoja na skrubu chache. Nimeshawabadilishia ndugu na marafiki, na nakwambia kufungua na kufunga hakumsumbui mtu. Watu wanalia kwa sababu ya mambo mengine kabisa, ndo maana nataka nianze na hayo kwanza, bisibisi tutaikuta mbele.

Jambo la kwanza ni akaunti. Hapa kwetu PSN, yani mtandao wa PlayStation, haijafunguliwa rasmi kwa Tanzania wala Kenya, kwahiyo karibu kila mtu ana akaunti ya Uingereza, Marekani au sehemu nyingine, na wengi hawakuifungua wenyewe, ilifunguliwa na muuzaji dukani siku ile ile wananunua mashine. Sasa jiulize, emaili ya hiyo akaunti unaijua? Paswedi unayo? Kama majibu ni hapana usiguse kitu, mtafute aliyekufungulia kwanza, maana ukiweka diski mpya mashine inaamka kama imetoka kwenye boksi, haimjui mtu, itakuuliza akaunti na usipokuwa nayo hapo umekwama. Na kuna wale waliouziwa "PS4 ina gemu 20 ndani", aisee hizo gemu mara nyingi ziko kwenye akaunti ya mtu mwingine ambayo iliwekwa kama akaunti kuu ya hiyo mashine. Zinacheza leo kwa sababu leseni imekaa kwenye mashine, ukibadilisha diski leseni inaondoka nayo, utabaki na picha za gemu zenye alama ya kufuli. Kwahiyo muulize muuzaji mapema kama ataweza kukuingizia tena, akianza kuzungushazunguka ujue jibu lake.

Na kama mashine yako imechipiwa, yani ile unayowekewa gemu kwa flashi bila kununua, hii makala siyo yako kabisa. Faili jipya la mfumo kutoka Sony litafuta uchipiaji na mashine hairuhusu kurudi kwenye toleo la nyuma, hiyo mpelekee fundi aliyekufanyia.

Haya, sevu, yani zile kumbukumbu za ulipofikia kwenye gemu. Kuna watu wanadhani kila kitu kiko mtandaoni. Ultimate Team ya FIFA ndiyo, iko kwenye seva, Fortnite pia, ukiingia na akaunti yako unakuta kila kitu. Ila Career Mode ya FIFA iko kwenye diski yako hapo hapo, misimu yote uliyomkuza yule dogo wa miaka 16 mpaka akachukua Ballon d'Or iko kwenye kile kichuma kinachochoka. Ukiwa unalipia PS Plus, ile huduma ya ada ya Sony, zinapandishwa mawinguni, ila usiamini tu, ingia ukaangalie kama kweli zimepanda na tarehe ni za karibuni. Kama hulipii chukua flashi, nenda kwenye seting sehemu ya sevu za programu, chagua kukopi kwenda USB, weka tiki kwenye zote. Sevu ni ndogo, flashi ya kawaida inatosha sana. Na fanya hivyo kwa kila mtu mwenye jina lake kwenye mashine, siyo wewe tu, mdogo wako naye ana sevu zake na hatakusamehe. Trofi nazo zisawazishe na mtandao kabla, maana hata ile bakapu kubwa ya mashine nzima haizichukui.

Hiyo bakapu kubwa ipo, unachomeka diski ya nje, inachukua sevu, gemu, picha, kila kitu, af unairudisha baadaye. Inafanya kazi lakini inachukua muda na mimi binafsi siipendi sana, umeme ukikatika katikati unaanza upya. Ninachopendelea kwa mtu mwenye gemu nyingi na bando la mawazo ni kuzihamishia kwenye diski ya nje. Tangu toleo la 4.50 la Machi 2017 PS4 inakubali diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia 250GB mpaka 8TB, na gemu zinachezeka kutoka huko huko. Unazihamisha, unachomoa kwa utaratibu kupitia menyu, unabadilisha diski ya ndani, ukirudisha ya nje gemu unazikuta, huna haja ya kushusha GB 90 upya. Sevu tu ndo hazikai huko, zenyewe siku zote zinabaki ndani, kwahiyo ya flashi lazima.

Tuje kwenye faili la mfumo, hapa ndo watu wanapopotea zaidi. Kwenye tovuti ya PlayStation kuna mafaili mawili yenye jina lile lile PS4UPDATE.PUP, moja ni la apdeti tu lina kama nusu GB, lingine ni la kuweka mfumo mzima upya na lina kama GB 1. Diski mpya haina kitu, inataka lile kubwa. Ukichukua dogo mashine itakukatalia na utadhani diski mpya ni mbovu, utarudi dukani kugombana na watu bure. Angalia ukubwa wa faili kabla hujaondoka kwenye kompyuta, ndo njia rahisi. Flashi iwe FAT32 au exFAT, ndani yake tengeneza folda linaitwa PS4, ndani ya hilo lingine linaitwa UPDATE, yote kwa herufi kubwa, af faili liwe humo. Na angalia lisije likajiita PS4UPDATE na namba ya 1 kwenye mabano kwa sababu ulishusha mara mbili, mashine haitalitambua.

Ununue diski gani sasa? Mimi nasema SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na siyo lazima iwe ya gharama. PS4 ya kwanza na Slim zinatumia kiunganishi cha diski cha SATA 2, Pro ndo ina SATA 3 ya haraka zaidi, kwahiyo ile SSD ya bei mbaya inayosifiwa kwa spidi utakuwa unalipia spidi ambayo mashine haiwezi kuitumia. Tafuta SATA ya inchi 2.5 ya kampuni inayojulikana, 500GB kama gemu zako ni mbili tatu, 1TB kama mfuko unaruhusu. Usichukue ile nyembamba kama kijiti inayoitwa M.2, hiyo ni ya PS5. Kama unataka nafasi tu na hela ni kidogo diski ya kuzunguka ya 1TB au 2TB nayo inaingia, ila unene usizidi milimita 9.5, zile za 4TB na 5TB za inchi 2.5 zina milimita 15, haziingii hata uzisukume na goti. Na wale wanaonunua diski ya nje ili waivunje watoe ya ndani, angalieni, baadhi ya kampuni wanaunganisha tundu la USB moja kwa moja kwenye bodi ya diski, ukivunja hukuti SATA na diski ya nje nayo umeshaiua.

Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi kote kuna SSD feki, nadhani mnajua. Ukiona 2TB inauzwa bei ya chipsi kuku jiongeze, hizo ni za GB chache zilizodanganywa zijiite kubwa, zinakubali kila kitu mwanzoni, zikijaa ukweli wake zinaanza kuandika juu ya vitu vyako. Kabla hujaiweka kwenye PS iunganishe kwenye kompyuta kwa waya wa SATA kwenda USB uiendeshee H2testw, ni programu ya bure, inaijaza diski yote af inasoma tena kuhakiki. Inachosha kusubiri lakini bora usubiri risiti ikiwa bado mkononi.

Sasa bisibisi, ya nyota, inayokaa vizuri kwenye skrubu. Zima mashine kabisa, siyo ile ya kulala yenye taa ya chungwa, chomoa nyaya zote. PS4 ya kwanza ina kile kipande cha juu upande wa kushoto, kinaslaidi kwenda pembeni, hakina skrubu. Slim na Pro kifuniko kiko nyuma kwenye kona, unakivuta. Ndani utaona skrubu moja kubwa yenye alama za pembetatu, duara, msalaba na mraba, toa hiyo, vuta kitako cha diski kitoke. Diski imeshikwa na skrubu nyingine nne zenye raba, hizo zimekazwa haswa, kandamiza bisibisi kwa nguvu kabla ya kuzungusha, ukiharakisha utazilainisha vichwa na hapo ndo fundi atakupigia bei. Raba usizipoteze, zinazuia mtikisiko. Weka mpya ikitazama upande ule ule wa ile ya zamani, rudisha, maliza. Ni kazi fupi kiasi kwamba utajiuliza mafundi huwa wanachaji nini.

Unawasha vipi? Chomeka flashi, chomeka padi kwa waya, af shikilia kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 baada ya ule wa kwanza, achia, hapo inakufungulia menyu ya dharura (Safe Mode). Kuhusu huo waya wa padi, nyaya nyingi za bei poa tulizonazo zinachaji tu, hazipitishi data, na kwenye ile menyu ya dharura padi haifanyi kazi bila waya wa data. Mtu anakaa anabonyeza kitufe cha PS hakuna kinachotokea anasema PS imekufa. Jaribu waya mwingine kwanza, ule wa simu nzuri. Ukiingia chagua namba 7, ya mwisho, ndo inayoweka mfumo upya. Ikikwambia CE-34335-8 maana yake haioni diski, toa uirudishe, huenda haijakaa mpaka mwisho. Ikisema haioni faili, rudi ukakague majina ya mafolda.

Ikimaliza unaseti lugha, saa, intaneti, unaingia na ile akaunti, unaifanya hiyo mashine kuwa kuu tena, unarudisha sevu kutoka kwenye flashi.

Tofauti utaiona wapi? Kwenye kusubiri. Gemu zenye ramani kubwa kama GTA V zinafunguka haraka zaidi, menyu inateleza, na lile zoezi la kukopi baada ya apdeti linapungua sana. Picha haziwi nzuri zaidi, feni kama ilikuwa inalia kama jenereta itaendelea kulia, hiyo ni habari ya vumbi na pesti ya kupoozea chipu. Na SSD haiogopi kutikiswa kama diski ya kuzunguka lakini umeme kukatika wakati inaandika bado ni hatari, UPS ndogo bado ina maana, na ikitokea ikaanza kuzingua baada ya kukatika ingia menyu ile ile ya dharura uchague namba 5, inapanga upya orodha ya vitu bila kufuta gemu wala sevu.

Wenye PS5 kwenu ni rahisi zaidi, ya ndani haitoki, mnaongeza M.2 ya kizazi cha nne (Gen4) yenye kipooza joto chake kwenye nafasi yake, mashine inaifomati yenyewe na hakuna kuweka mfumo upya. Xbox One diski ya ndani haikutengenezwa mtumiaji aibadilishe, tumieni USB 3.0 tu.

Ile diski ya zamani ya PS4 usiitupe wala usimwachie fundi. Kama bado inasomeka inunulie kesi ya USB 3.0, 500GB inatosha kabisa kuwa diski ya nje ya gemu, unaichomeka nyuma ya PS ile ile unaweka zile ambazo huchezi kila siku. Kwenye kompyuta haitasomeka kwa sababu mashine inaifunga kwa namna yake, ni kawaida hiyo, PS ikiiona itaomba kuifomati. Isikubaliwe siku hiyo hiyo, fungua kwanza Career yako uone kama dogo bado yuko kikosini, na mdogo wako naye afungue za kwake.