Kwako unayeripoti kazi ya afya ya jamii Tanga

Karibu Tanga. Barua yako ya ajira huenda imeandika afisa afya, afisa ustawi, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Vyovyote iwavyo, wiki ya kwanza utakalishwa na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, mpaka macho yaume. Visome. Ila ujue mapema kwamba vitabu hivyo vinamwandika mtu tangu alipofika dirishani. Maji aliyokunywa, nyumba aliyolala, nauli aliyokopa ili afike, hakuna safu yake. Na kazi yako kubwa iko huko.

Nianze na matende na mabusha, kwa sababu pwani hii hakuna ugonjwa utakaokufungua macho haraka kuliko huo. Ni minyoo inayosambazwa na mbu. Huku mjini mtuhumiwa mkubwa ni mbu aina ya Culex, ambaye anapenda maji machafu: choo cha shimo kilichojaa maji, karo lililopasuka, mfereji uliozibwa na mifuko. Utashiriki kugawa kingatiba, yaani dawa za kinga kwa jamii nzima, ivermectin na albendazole, na utaona dozi inapimwa kwa kijiti cha urefu, siyo kwa mizani. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 hawapewi. Hayo utafundishwa vizuri tu.

Ambalo hutafundishwa ni maongezi ya barazani. Mzee atakwambia busha linaletwa na madafu. Usicheke, wala usishindane naye mbele ya wajukuu zake. Mwamkie, kaa, kisha muulize kazi zinaendaje. Mkwezi mwenye busha hapandi mnazi. Mvuvi mwenye busha hawezi kuvuta nyavu na wenzake, na wenzake hawamsubiri. Mke anaanza kukaanga vitumbua alfajiri, binti mkubwa anakosa shule ili abaki na wadogo zake. Ukilijua hilo, mazungumzo ya upasuaji wa busha yanakuwa mepesi, maana unazungumzia riziki ya nyumba nzima, na aibu inapata pa kujificha.

Kwa mwenye mguu wa matende, masharti ni yaleyale kila mahali: auoshe kila siku kwa maji safi na sabuni, aukaushe vizuri hasa katikati ya vidole, auinue anapokaa, avae kiatu kisichobana. Rahisi kweli kuyasema! Sasa mwambie hayo mama anayenunua maji kwa ndoo. Maji ya kunywa kwanza, kisha ya kupikia, kisha mtoto aoge aende shule, na mguu unangoja. Nakuomba sentensi moja isionekane katika taarifa zako: “mgonjwa hafuati masharti.” Andika ndoo ni shilingi ngapi na inatoka wapi. Hapo atakayeisoma anaweza kufanya jambo.

Kwenye semina utasikia sana kuhusu visababishi vya kijamii vya afya. Shirika la Afya Duniani liliunda tume kuhusu suala hilo, ikiongozwa na Michael Marmot, na ripoti yake ilitoka 2008. Kiini chake ni kwamba mazingira ambamo watu wanazaliwa, wanakua, wanafanya kazi na kuzeeka ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa nani augue na nani asiugue. Kisha mwaka 2015 yakaja malengo 17 ya maendeleo endelevu, afya ikiwa namba 3. Wenzetu wengi wanaishia kwenye hilo la 3 kana kwamba ndilo shamba letu tulilokatiwa. Mimi naona umaskini namba 1, elimu namba 4 na maji namba 6 vinatuhusu kuliko hata baadhi ya vilivyoandikwa chini ya la 3.

Wala wazo hili halikuletwa na semina. Mwaka 1973 nchi hii ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waulize wazee. Utakuta wanaokumbuka, na watakupa ushauri ambao hakuna mwongozo wa mradi ulionao.

Halafu kuna Mto Zigi, ambao ningependa kila mgeni wa kazi hii aufuate mpaka juu, Amani. Maji ya jiji yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa linalishwa na mto huo unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Msitu ukikatwa huko juu, au watu wakiosha dhahabu mtoni, tope linashuka kuja kwetu. Na yule wa juu naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo askari peke yake hamalizi kazi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya maji na mazingira, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilitangazwa kama habari ya fedha. Mimi niliisikia kama habari ya kuhara.

Ratiba yako ya vikao iulize bahari. Wavuvi wa dagaa wanatafuta giza, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi ndipo utakapowakuta nyumbani. Kina mama wa mwani, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakipwa, wako mashambani kwao baharini. Ukiitisha mkutano saa hizo utazungumza na viti, halafu utaandika kuwa mwitikio ni mdogo.

Mwisho, vikao vya watu wengine. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango inapikwa mitaani miezi mingi kabla. Jipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata hata kama hujaalikwa kwa jina. Zoeana na afisa maendeleo ya jamii, yeye ndiye mwenye habari za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ukipewa nafasi ya kusema, acha takwimu za robo mwaka. Taja mfereji ulioziba, mtaa wake, na nyumba zinazopakana nao, huku ukimtazama mtu wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Akijibu kwamba bajeti imeshafungwa, muulize mapendekezo ya mwaka unaofuata yanapokelewa mpaka lini, uandike tarehe hiyo mbele yake.