Jibu: Basibasi imetia pilau uchungu

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba pilau yako ya kilo moja ya mchele imekuwa chungu baada ya kutia vijiko viwili vya chai vya basibasi ya unga badala ya kungumanga. Angalia kipimo kwanza, kwani hapo ndipo penye kosa. Basibasi, yaani lile ganda jekundu linaloizunguka mbegu ya kungumanga kama wavu, na ambalo likikauka hugeuka rangi ya chungwa, huzidi haraka likisagwa. Mimi hutia vipande viwili vizima pamoja na iliki na mdalasini kitunguu kinapoanza kubadilika rangi (kikiungua, uchungu ni wake), kisha huviopoa kabla ya kupakua. Ukibonyeza kipande kwa ukucha kikatoa mafuta, bado ni kizuri.