Kichanja cha dagaa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni chakula gani cha wanyonge kinachostahili kulindwa kabla ya vingine. Jibu langu ni dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene. Nilikulia Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo upande wa Tanzania, ambako sangara walipelekwa viwandani Mwanza na dagaa ndio walioingia chunguni mwetu.

Familia isiyo na jokofu wala fedha za kununua samaki mkubwa huweza kununua dagaa kwa kikombe, ikapika wa leo na kuweka wa kesho kutwa. Kwa kuwa huliwa wazima, pamoja na vichwa na mifupa, humpa mtoto protini na pia kalsiamu, chuma na zinki, kwa kiwango ambacho mnofu mtupu wa samaki mkubwa haukifikii.

Wavuvi huwavua usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, kazi husimama. Alfajiri wanawake huwapokea mwaloni, yaani ufuoni mitumbwi inapotia nanga, wakiwanunua wabichi kwa ndoo, mara nyingi kwa fedha za kukopa, na kuwaanika. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Mvua ikinyesha mchana, dagaa huoza na deni hubaki palepale. Nimemwona mama yangu mdogo akipoteza mtaji wa mwezi mzima katika siku mbili za masika.

Ninalotaka lizingatiwe hasa ni mahali pa kuanikia. Dagaa walioanikwa chini hushika mchanga, mlaji akawakataa, wakanunuliwa kwa bei ya chini ili wasagwe kuwa chakula cha kuku. Walioanikwa juu ya kichanja cha wavu hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka upesi wakiwa safi, na huuzwa kwa watu, wengine wakisafirishwa kutoka soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Sina ugomvi na wafugaji, lakini si haki samaki aliyefaa kumlisha mtoto aende bandani kwa sababu tu mwanikaji alikosa miti na wavu.

Misaada niliyoishuhudia kwetu ilianza na mitumbwi na injini, navyo humfikia mwanamume. Mwanamke anayeanika hana hata kipande cha ufuo anachoweza kukiita chake. Halmashauri za kandokando ya ziwa zitenge maeneo ya kuanikia, ziwasaidie wanawake hao kujenga vichanja vyenye paa la nailoni angavu, na zifanye hivyo kabla ya masika yajayo.