Jibu: Chuo kinachompeleka mwanafunzi nje

Dada, umeuliza binti yako, anayemaliza sekondari hapo Maryland, achague chuo gani ili apate muhula wa kusoma nje ya Marekani. Chungulieni kwanza chuo cha Goucher, kwa kuwa kiko hapohapo Maryland, mjini Towson. Mwaka 2006 kiliweka kanuni kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima aende kusoma nje. New York University nayo ina kampasi zake Abu Dhabi na Shanghai, ila ukiiona ada, kaa chini kwanza.

Picha za vijana mbele ya mnara wa Eiffel zisiwababaishe. Mbaneni mtu wa ofisi ya chuo inayopeleka wanafunzi nje: msaada wa ada binti anaopewa hapo chuoni utamfuata huko aendako? Na krediti, yaani pointi za masomo atakayofaulu huko, zitahesabiwa kwenye fani yake, au ni za kujazia tu? Kijana wangu alikaa Hispania muhula mzima, akarudi na alama safi, chuo chake kikalikataa somo la takwimu. Akalirudia kiangazi, nikalipa mara ya pili. Kumbe karatasi ya idhini ilitakiwa isainiwe na idara kabla hajapanda ndege!

Kama ana uraia wa Marekani na anapata Pell Grant, ule msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kipato cha chini, aombe Gilman, ufadhili wa serikali hiyo wa kusoma nje, inatoa hadi dola 5,000. Kama bado anatumia pasipoti ya Tanzania, hata akiwa na green card (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), Ulaya watamdai visa, kwa hiyo aanze kuifuatilia mapema. Binti anataka kusomea nini?